Tumehamia mji mdogo wa chuo Marekani, msimu wa majani kupukutika twende wapi na watoto?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 7 mwingine 3, tumetoka Morogoro mwezi wa nane kumfuata baba yao anayesoma PhD hapa Athens, Ohio. Viza yangu ni F-2, ile ya mke wa mwanafunzi, kwa hiyo sifanyi kazi, gari hatuna, na hela ni ya kuhesabu. Kila nikikutana na mtu ananiambia subiri mwezi wa kumi utapapenda, kuna tamasha la mapapai, kuna Halloween, kuna kwenda kuangalia majani, sasa mimi nashindwa kujua kipi ni cha familia na kipi ni cha wanafunzi kulewa. Tunashinda ndani, mkubwa ameanza kusema anataka kurudi kwa bibi yake. Tuanzie wapi? Halafu nilikuwa nafikiria niwe nauza maandazi pale sokoni Jumamosi, inawezekana?

JIBU: Dada yangu, karibu Ohio na pole kwa uhamisho. Naanza na maandazi maana hilo ndilo lenye hatari, mengine yote ni starehe. Usiuze. F-2 hairuhusu kazi yoyote ya kulipwa, na kuuza chakula sokoni inahesabika ni kazi hata kama ni maandazi ishirini na hela unapewa mkononi, hata ukisema meza ni ya rafiki wewe unamsaidia tu akakukatia kidogo. Ikijulikana unaharibu hadhi yako ya viza na kila ombi la baadaye litaanzia kwenye hilo swali. Utamsikia mke wa fulani anafanya kazi na mumewe mwanafunzi kama wako, huyo mara nyingi ana J-2, viza ya mwenza wa aliyekuja kwa mpango wa mabadilishano, ambayo inaruhusu kuomba kibali cha kazi, kwa hiyo usijipime naye. Wewe unaruhusiwa kujitolea kwenye zile shughuli ambazo hakuna anayelipwa kuzifanya, kusoma kozi moja moja bila kuwa mwanafunzi wa muda wote, na kupika ukagawa bure, na hiyo ya kugawa bure usiidharau, tutaifikia. Chochote chenye harufu ya hela kiulizie kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa pale chuoni.

Haya, matembezi. Jambo la kwanza nataka ulielewe ni kwamba mna kama wiki saba tu. Watu wanakwambia subiri mwezi wa kumi kama vile msimu huu ni mrefu, sio mrefu. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba ndio basi, usiku wa kuamkia hiyo Jumapili saa zinarudishwa nyuma saa moja, na jua lililokuwa linazama saa kumi na mbili na nusu jioni linaanza kuzama kabla ya saa kumi na moja na nusu, yaani mtoto anatoka shule, anakula, giza. Hapo watu wote wanaingia ndani, jirani utamuona akitoka mlangoni kwenda kwenye gari na akitoka kwenye gari kwenda mlangoni, na kama hamkuzoeana kabla ya hapo mtazoeana mwezi wa nne. (Kumbuka pia simu za kwa bibi, sasa hivi nyumbani wako mbele yenu masaa 7, baada ya hapo yanakuwa 8, kwa hiyo mpigieni asubuhi kabla ya shule, ukisubiri mtoto arudi shule unamwamsha bibi usiku wa manane.)

Kwa sababu hiyo mimi siwapi watu orodha ya matamasha kwanza, ingawa ndio wanachoomba. Tamasha kubwa unaenda, unapiga picha, unarudi, hakuna aliyekujua jina. Mji wa watu kama elfu 24, na wengi wao ni wanafunzi wanaoondoka baada ya miaka minne, wale wakazi wenyewe wa kudumu wanakuzoea kwa kukuona palepale, siku ileile, mara ya tatu, mara ya nne, hapo ndio anakuuliza mnatoka wapi na mtoto anaitwa nani. Sehemu za namna hiyo kwenu ni mbili, soko la Jumamosi na maktaba.

Soko la wakulima la Athens lipo tangu 1972, linafanyika Jumamosi asubuhi mwaka mzima, liko barabara ya East State na basi la mji linaelekea huko. Nenda saa tatu na nusu, saa nne, ukifika mchana wanafungasha. Usiende na wazo la kununua vitu vya wiki nzima, bei ya mboga nyingi pale inazidi supamaketi, wewe nenda na hela ndogo, nunua kitu kimoja au viwili, ila kwa mkulima yuleyule kila wiki. Na nina siri moja ya kukupa. Yule anayeuza maboga ana shamba zima la majani ya maboga ambayo kwake hayana kazi yoyote! Muulize kama Jumamosi ijayo anaweza kukuchumia zile ncha changa, mwonyeshe picha kwenye simu jinsi yanavyopikwa, atashangaa halafu atakuletea, wengine hawataki hata hela. Muulize tu kama amepulizia dawa. Ila hiyo kazi ifanye sasa hivi usingoje, maana ikifika mwezi wa kumi umande unaanza kuganda, usiku mmoja tu wa baridi kali mboga yote ya maboga inakuwa nyeusi shambani na mwaka umeisha. Mchicha nao wanao, huku kwao ni gugu wanaling'oa na kulitupa, kwa hiyo ukiulizia mchicha usishangae akicheka. Sukuma wiki ndio kinyume chake, ikipigwa na baridi inakuwa tamu zaidi, mmea unajiwekea sukari ili usigande, kwa hiyo sukuma ya mwezi wa kumi na moja ni nzuri kuliko ya sasa.

Na maboga yenyewe, yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayopangwa nje ya maduka ni ya kuchonga sura, yana maji na nyuzi hayana ladha, ukiyapikia nazi utasikitika. Ya futari tafuta yale madogo ya kutengenezea pai, au butternut lile lenye shingo, hilo halikuangushi.

Maktaba ya mji sasa. Kadi ni bure, unahitaji kitambulisho na kitu kinachoonyesha anwani yenu. Huyo wa miaka 3 ana saa yake ya hadithi, watoto wanakaa chini wanasomewa wanaimba, na mama zao wamekaa nyuma, sasa wale mama waliokaa nyuma ndio unaowatafuta wewe. Kiingereza chako usikiogope, mtoto akimkwapulia mwenzie toi mazungumzo yanaanza yenyewe. Kitu ambacho wageni wengi hawakijui, maktaba za Athens County zinaazimisha baiskeli kwa kadi ileile ya vitabu. Ulizia wana saizi gani na kama kuna cha kubebea mtoto, chukueni na kofia. Kuna njia ya baiskeli inaitwa Hockhocking Adena, lami, tambarare maana ilikuwa reli zamani, inaanzia hapo mjini inapita kando ya chuo na mto Hocking mpaka mji wa Nelsonville, kama kilomita 35. Sio lazima muimalize, nani kasema! Endeni kilomita tatu mkae mle mihogo yenu mrudi. Hata kwa kusukuma kigari cha mtoto ni nzuri kuliko kule katikati ya mji ambako barabara nyingi ni za matofali, kigari kinarukaruka mpaka mtoto anaamka.

Sehemu ya tatu ambayo kwa wewe Mswahili ipo na kwa wengine haipo, Ohio University imefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na wanafunzi wa Kiswahili shida yao kubwa ni moja, hawana mtu wa kuongea naye. Mwambie mumeo aulizie kwenye masomo ya Afrika nani anafundisha, kisha ujitolee kukaa nao nusu saa kwa wiki, wao waseme "jana nilikula samaki" wewe uwasahihishe. Hapo utapata watu wanaotaka kukusikiliza kwa lugha yako, na mkubwa wako akiona mzungu anahangaika kutamka ng'ombe atacheka mpaka asahau kurudi Morogoro, angalau jioni hiyo. Umoja wa wanafunzi wa Afrika nao watafute, hao huwa na chakula cha pamoja mwanzo wa mwaka wa masomo.

Basi sasa tuje kwenye hayo uliyoambiwa.

La mapapai ndio linaanza, kwa kawaida ni katikati ya Septemba, siku tatu za mwisho wa wiki, kwa hiyo angalia tarehe leo leo. Ila sio papai letu. Pawpaw ya huku ni tunda la msituni la Ohio, ukoo wake ni mmoja na stafeli na topetope, ukilikata utaona mwenyewe, mbegu kubwa nyeusi na nyama laini ya njano, ladha iko kati ya ndizi mbivu sana na embe. Mwaka 2009 jimbo lilitangaza kuwa ndilo tunda lao rasmi la asili. Dukani hulikuti kwa sababu likishaiva linaharibika ndani ya siku chache, halisafiri, ndio maana wanalifanyia tamasha, tangu 1999, kwenye ziwa Snowden karibu na kijiji cha Albany, kama dakika 15 au 20 kwa gari. Kuna mashindano ya kula, kuna mapishi, muziki, watoto wanacheza. Mlangoni wanatoza, kwa hiyo angalia bei ya watoto kabla. Onyo dogo, maganda na mbegu hazilwi, na mara ya kwanza onja kidogo tu, kuna matumbo yanayolikataa kabisa. Kama hamtapata usafiri wala msijisikie vibaya, hayo matunda utayakuta sokoni Jumamosi wiki hizohizo.

Usafiri wenyewe tuuseme hapa. Watu wa huku wanapenda kutoa lifti kuliko tunavyowadhania, tatizo ni viti. Sheria ya Ohio, mtoto chini ya miaka 4 au chini ya paundi 40 lazima awe kwenye kiti cha gari cha mtoto, na kuanzia hapo mpaka atimize miaka 8 anakaa kwenye kile kiti cha kumnyanyua, labda awe mrefu wa futi 4 na inchi 9. Wako wote wawili wamo humo. Mtu akiwa na nafasi kwenye gari lakini hana viti, anakaa kimya hasemi twende. Ukiwa na viti vyako mwenyewe unaweza kusema "viti tunavyo, mafuta tutachangia" na mlango unafunguka. Kile cha mkubwa ni bei nafuu sana. Cha mdogo usinunue mtumba wa mtu usiyemjua, vina tarehe ya kuisha na kikishapata ajali hakifai, na kwa macho hutajua.

Kuangalia majani. Najua inasikika kama utani, mtu mzima kusafiri kwenda kuangalia majani yanayokauka, ila ukiona utanyamaza. Sehemu yenu ya Ohio rangi inakolea kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wake. Mkubwa akikuuliza kwa nini, mwambie hivi, ile rangi ya kijani inaitwa klorofili na mti unaitengeneza muda wote kukiwa na jua, siku zikifupika mti unaacha kuitengeneza, kijani kinaisha, njano iliyokuwepo siku zote chini yake ndio inaonekana. Nyekundu ni tofauti, hiyo mti unaitengeneza upya msimu huohuo, na mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi bila kuganda nyekundu inakuwa kali zaidi. Ndio maana kila mwaka unakuwa na rangi zake.

Bila gari, mnayo The Ridges, kile kilima ng'ambo ya mto chenye majengo makubwa ya matofali mekundu. Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa 1874 na kufungwa 1993, sasa ni mali ya chuo, na jengo kuu lina makumbusho ya sanaa ya Kennedy ambayo kiingilio ni bure. Wanafunzi watakujaza hadithi za mizimu, waache, hao wanatishana wenyewe. Lakini makaburi ya wagonjwa yapo kweli, mengi yana namba tu badala ya majina, na mimi nikimpeleka mtu pale namwambia hilo kabla, watoto wataona mawe na watauliza. Vijia vya juu ya kilima vinaangalia mji mzima, nenda saa tisa alasiri jua likiwa pembeni.

Mkipata lifti fupi nendeni Strouds Run, hifadhi ya jimbo iko kilomita chache tu mashariki mwa mji, ina ziwa Dow katikati na njia za kutembea, kuingia ni bure kama hifadhi zote za jimbo la Ohio. Na mkipata gari kwa siku nzima, siku moja tu msimu mzima, basi iwe Hocking Hills, hifadhi ya miamba na mapango, kama saa moja kutoka hapo. Wengi wanakimbilia Old Man's Cave, nyie na mtoto wa miaka 3 nendeni Ash Cave. Ni mwamba mkubwa umejipinda kama kiatu cha farasi, upana wake kama futi 700, na njia ya kufika chini yake ni fupi na imesakafiwa, kigari kinapita. Maporomoko yenyewe msimu huu huwa ni mchirizi, msiende kwa ajili ya maji. Wikiendi za Oktoba panajaa mpaka paking hamna, kwa hiyo muwe mmefika saa mbili asubuhi, au siku shule imefungwa katikati ya wiki. Na msitoke nje ya njia hata kwa picha, mchanga wa pale unateleza na watu wamekufa kwa kuanguka, hilo sikutishi nakwambia.

Mambo mawili ya msituni ambayo hawatakuambia kwa sababu wao wamezaliwa nayo. Moja ni kupe, wale wenye ugonjwa wa Lyme wakubwa wao wanatembea sana Oktoba na Novemba, watu wanadhani baridi imewaua. Suruali ingiza kwenye soksi, na mkirudi vua watoto nguo kagua kwapani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Pili, msimu wa kuwinda swala kwa mishale unaanza mwisho wa Septemba, na ule mkubwa wa bunduki wiki inayofuata baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwisho wa Novemba. Baadhi ya misitu mnayotembea inaruhusu uwindaji. Vaeni kitu cha rangi ya chungwa inayowaka, hata kofia tu, na mtoto asivae koti la kahawia.

Mpira sasa, ule wa Kimarekani sio wa miguu kama wetu, nitaenda haraka. Oktoba kuna Homecoming, wahitimu wanarudi, na Jumamosi asubuhi gwaride linapita Court Street, mtaa mkuu wa katikati ya mji, bure, na bendi ya chuo, Marching 110, inapiga huku inacheza, hiyo watoto wako wataipenda kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Angalieni gwaride, mrudi nyumbani. Mechi yenyewe ni ndefu masaa matatu na zaidi, tiketi ni hela, na nje kuna bia nyingi. Mkitaka kuonja huo mpira nendeni Ijumaa usiku kwenye mechi ya sekondari, Athens High School, uwanja uko The Plains, kilomita chache nje ya mji. Pale ni familia tupu, watoto wanakimbizana nyuma ya majukwaa hakuna anayeangalia mpira, na mzazi wa mwanafunzi mwenzake na mwanao utamkuta hapohapo. Uwanja una jina la Joe Burrow, mchezaji maarufu aliyesoma hapo, ambaye mwaka 2019 akipokea tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira huo vyuoni, aliutaja umaskini na njaa ya watoto wa hiyo kaunti, na watu wakachanga zaidi ya dola laki tano kwa ajili ya ghala la chakula la hapo. Nakutajia hilo ili ujue mji uliopo, nje ya chuo kuna watu wengi wasio na kitu, hela ya kuhesabu hauko nayo peke yako na hakuna atakayekushangaa.

Halloween ina sura mbili, usizichanganye. Ya watu wazima ni Court Street, Jumamosi karibu na tarehe 31, mchezo ulioanza miaka ya sabini na unaleta maelfu ya vijana kutoka majimbo mengine, polisi wa farasi, pombe, vurugu. Usiku huo nyie msiukaribie mtaa huo, na kama mnakaa karibu jueni kelele zitakuwepo mpaka alfajiri. Ya watoto ni nyingine kabisa, mji unatangaza siku na saa, kwa kawaida ni jioni mapema na ni masaa mawili hivi, watoto wanavaa mavazi wanapita nyumba kwa nyumba wanapewa pipi. Taa ya barazani ikiwaka maana yake karibu, ikizimwa maana yake pita. Kuna familia za kwetu, Waislamu na Wakristo, ambao hawataki kabisa mambo ya mizimu na mafuvu, na hiyo ni haki yenu, hamtaonekana wa ajabu. Mwambie mwalimu mapema tu ili mtoto asishtukizwe siku darasa zima limevaa. Makanisa mengine yanafanya ya kwao, magari yanapangwa kwenye paking buti wazi zimejaa pipi, watoto wanavaa hata kama daktari au simba. Mimi binafsi naona ile ya nyumba kwa nyumba, mkiamua kwenda, ndio jioni pekee ya mwaka mzima ambayo Mmarekani anafurahi mtu asiyemjua kumgongea mlango, sisi tuliozoea hodi tunaelewa thamani yake. Mvalishe kanga, mwambie akiulizwa aseme yeye ni bibi yake.

Circleville Pumpkin Show naitaja kwa sababu utaisikia tu. Ni tangu 1903, Jumatano mpaka Jumamosi wiki ya tatu ya Oktoba, kuingia bure, boga linaloshinda linazidi kilo 500 kirahisi, na kila kitu kinapikwa kwa boga mpaka donati. Ni zaidi ya saa moja kwa gari na umati ni mkubwa sana. Na huyo wa miaka 3 mimi nisingeenda mwaka huu.

Turudi kwenye kupika bure. Msimu huu utaalikwa kwenye chakula ambacho kila mtu anakuja na sahani yake, kanisani, shuleni, kwa majirani. Hapo ndio maandazi yako yaende! Ila andika karatasi ndogo uweke mbele ya sahani, kuna nini ndani, na kama kuna karanga andika kwa herufi kubwa, mzio wa karanga huku unaua mtoto na mchuzi wetu wa karanga haujioneshi kwa macho. Kama hamli nguruwe sema tu, watu watakuonyesha kipi sio, hawaoni ni kero. Fika saa iliyoandikwa, na muda wa kumaliza ukifika watu wanaondoka kweli. Mtu akikuambia "siku moja tukutane" hajakualika bado, akikutajia siku na saa ndio amekualika, na wewe unaruhusiwa kuwa wa kwanza kutaja siku.

Nguo za baridi nunueni sasa kwenye maduka ya mitumba kabla wanafunzi wa nchi za joto hawajaamka, maana mwezi wa kumi mchana ni nyuzi 18 au 19 na unajidanganya, lakini asubuhi mtoto anasubiri basi la shule kukiwa 5. Vaeni nguo nyepesi tatu badala ya zito moja.

Na la mwisho ni Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wanafunzi wanaondoka, mji unabaki mtupu, maduka mengi siku yenyewe yanafunga, na mabasi ya GoBus ya kwenda Columbus yanajaa kwa hiyo kama mnataka kwenda huko kwa ndugu kateni tiketi mapema. Columbus kuna maduka ya Wasomali na Waafrika, nyama halali, unga wa ugali, nazi, mkienda beba begi tupu. Mkibaki, ulizeni mapema Novemba kwenye ofisi ya kimataifa na kwa walimu wa mumeo kama kuna familia zinazokaribisha wageni siku hiyo, huwa zipo, na mara nyingi zinakosa wageni kwa sababu wageni wanaona aibu kuuliza.